Akaozwa, Akauzwa

Sehemu ya Saba

Mwanamke yule alikuwa bado amesimama.

Kwa ambaye hakunisoma Jumamosi iliyopita nitasema kwa ufupi, maana aibu haihitaji maneno mengi. Mimi ni Maalim Mkubwa, mwenye chuo cha Kurani cha watoto hapa Alum Rock, katika jiji la Birmingham, kwa miaka ishirini na mitano. Babu yangu, Shomari, alikuwa karani wa jeshi la Wadachi, ndio Wajerumani, katika vita vikuu vya kwanza. Wadachi walipovuka ziwa Kivu wakakinyakua kisiwa cha Kijwi, ndio Idjwi, kutoka mikononi mwa Wabelgiji, Karani Shomari alivuka nao. Akarudi kwao na vitu viwili: utenzi alioutunga kwa herufi za Kiarabu, na mke.

Mke huyo ndiye aliyemzaa baba yangu.

Mnamo Novemba 2008, ilipotimia miaka tisini tangu vita vile kwisha, yaliandaliwa maonesho katika ukumbi wetu wa jumuiya. Kurasa za utenzi ziliwekwa ndani ya sanduku la kioo, nami nikaombwa kuughani mbele ya watu. Nilivaa joho. Nilighani kwa sauti ambayo, nakiri, niliisikiliza mwenyewe kwa mapenzi. Nikafika kwenye ubeti huu:

*Na Ciza wa mitumbwini,*
*bintiye yu mkononi,*
*Nabintu wa kisiwani,*
*kwa karani akaozwa.*

Hapo ndipo mwanamke wa safu ya nyuma aliposimama, mkoba kifuani, na koti la kazi la hospitali chini ya koti la baridi. Hapo ndipo nilipowaachia wiki iliyopita.

"Muzee," akasema, "ule mwanamuke ni wa kwetu."

Nilimtambua kwa lafudhi kuwa ni Mkongo wa mashariki. Nikatabasamu tabasamu la mwalimu.

"Mama, umekosea ukumbi. Huyo unayemtaja ni bibi yangu."

"Bibi yako?" Akageuka kuwatazama watu. "Huyu muzee iko na bibi wa miaka mia moja! Iko wapi, tumusalimie?"

Ukumbi ukacheka. Kwao bibi ni mke. Nami sikuzoea kuchekwa nikiwa nimevaa joho.

"Mama wa baba yangu," nikafafanua, neno moja moja. "Na umesikia kwa masikio yako. Aliozwa. Kwa ndoa ya halali."

"Kuozwa ni kitu gani? Kwetu nyama njo inaozaka, ikilala siku tatu pa jua."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Hata wanafunzi wangu walicheka, wale waliokuwa wakiogopa kupiga chafya mbele yangu.

Lakini yeye hakucheka. Alikuja mbele polepole, akasimama hatua tatu kutoka kwangu.

"Miye naitwa Rosalie. Nabintu ya Ciza njo dada ya mama ya mama yangu. Ciza alikatala kuvusha basoda ya ba-Allemand, bale munaita Wadachi, na mitumbu yake. Bakamufunga kamba. Kisha bakabeba binti yake. Mwaka moja ikapita, mupagazi mumoja akarudia ku Idjwi, akasema, Nabintu bamemubadirisha na chumvi." Akaukaza mkoba kifuani. "Chumvi, Muzee. Njo vile tunajuaka mu familia. Ile haikuwa ndoa."

Wasomaji wangu, katika ukumbi ule mlikuwa na watu wapatao mia moja na ishirini. Mmoja tu ndiye aliyejua kwamba neno chumvi limo katika utenzi wa Karani Shomari. Mmoja huyo alikuwa mimi.

"Mama yangu iko na miaka makumi nane na mbili," akaendelea. "Analala pa hôpital, kule Harborne. Kila siku ananiuliza, balimuzika wapi? Nilikuwa nasema sijui. Leo nimejua mwenye kujua. Uniambie pale analala. Na useme mbele ya hawa batu vile alifika kwenu. Sitaki kitu ingine."

Angalieni udogo wa ombi lake. Kaburi, na neno moja la kweli. Mtu mwenye imani angempa yote mawili palepale, kisha akamkumbatia kama dada.

Mimi nilimjibu hivi:

"Watu waliokimbia vita jana hawakupata nafasi ya kubeba vitabu, na sikulaumu. Lakini sisi vitabu tunavyo. Usije ukatufundisha historia yetu kwa maneno ya mpagazi."

Lilikuwa tusi, na kila mtu alilisikia kuwa ni tusi.

Rosalie alinitazama kwa utulivu.

"Kitabu yenu," akasema, "njo ilimuuzisha."

Nilitaka kuendelea na ubeti uliofuata. Nilifungua kinywa. Ndipo kiti kilipokwaruza sakafu katika safu ya pili, na sauti niliyoichukia kuliko zote ikasema:

"Maalim Mkubwa, naomba neno."

Alikuwa Maulid, mwenye duka la nguo katika barabara yetu, Mzanzibari mrefu mwenye kofia ya kiua. Tangu mwezi wa Shaabani hatukuwa tumepeana salamu.

"Bwana Maulid, hapa si baraza."

"Najua. Barazani ulinifukuza." Akaugeukia ukumbi. "Jamani, mniwie radhi. Nilikwenda kwa Maalim na wazee watatu na sinia la halua, kumposea mwanangu Yasir mjukuu wake Aida. Halua hakuigusa. Mnajua alinijibu nini?"

"Maulid!"

"Alisema, kufu. Alisema bibi yangu mimi alinunuliwa na babu yangu, kwa hiyo Yasir si kufu ya Aida, hawalingani kinasaba. Alisema damu ya mnadani haichanganywi na damu ya nikahi." Akanigeukia. "Nimekosea hata neno moja, Maalim?"

Hakukosea hata neno moja. Nilikuwa nimeitunga sentensi ile tangu asubuhi, nikaipima mizani kama ubeti, nikafurahi ilipokaa sawa.

"Nilinukuu fikihi," nikasema.

"Fikihi ilikuwa na sauti ya kiburi siku hiyo. Basi leo nakuuliza mimi, mtoto wa mnadani. Huyu mama anasema bibi yako alibadilishwa na chumvi. Wewe unasema aliozwa. Tukuamini vipi?"

"Kwa maandishi! Yamo ndani ya kioo, nenda kasome."

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza mchana ule. Maulid hasomi herufi za Kiswahili cha kale. Mwanawe anasoma. Nani aliyemfundisha? Mimi, tangu akiwa na miaka saba hadi kumi na saba, kila Jumamosi, kwa fimbo na kwa tende.

Yasir akainuka. Kijana mtaratibu, mhandisi wa reli, amevaa suti. Alikuja hadi mbele yangu kwanza.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba," nikajibu.

Aliinama juu ya sanduku la kioo. Msimamizi wa maonesho, Bi Narinder, mama wa Kipunjabi mwenye glavu nyeupe, akamwashia taa ndogo. Yasir akasoma ubeti mzima kimya, kidole chake kikitembea hewani kutoka kulia kwenda kushoto, kama nilivyomfundisha.

"Maalim, hapa kwenye neno la mwisho, juu ya alifu kuna dhuma, ile alama ya irabu."

"Naam."

"Na wazee waliandika dhuma kwa o, na dhuma hiyo hiyo kwa u."

"Naam."

"Basi hii ni o, au ni u?"

Waliosoma chuo wakaelewa mara moja, nikasikia pumzi zikivutwa. Wasiosoma wakaanza kuulizana. Maulid akawarahisishia:

"Yaani ni akaozwa au akauzwa. Maandishi ni yaleyale. Mizani ni ileile. Kina ni kilekile." Akacheka peke yake. "Mshairi hodari babu yako!"

"Ni o," nikasema.

"Umejuaje, Maalim?" Yasir hakuinua sauti.

"Kwa mapokezi. Nimelipokea kwa baba yangu, naye alilipokea kwa baba yake. Utenzi hausomwi kwa macho tu. Hilo nalo nilikufundisha."

"Ulinifundisha." Akaitikia kwa kichwa, nami nikadhani nimepona. Kisha akainama tena. "Na ulinifundisha jingine. Kwamba waandishi wa zamani, ukurasa ukiisha, waliandika chini pembeni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili kurasa zikitawanyika mtu ajue upi unafuata upi."

Nilikuwa nimeutazama ukurasa ule kwa mara ya kwanza tangu wauweke ndani ya kioo, nikaona ni mrefu kuliko nilivyouleta.

Nilikuwa nimekikunja kipande cha chini. Tangu miaka mingi kilikuwa kimekunjwa kwa nyuma, unene wa kidole kimoja, wala hakuna aliyewahi kukiulizia.

Bi Narinder, alipoona tunatazama pale, akaeleza kwa Kiingereza, kwa furaha ya mtu aliyetenda jema, kwamba karatasi ilikuja imejikunja chini, naye akainyoosha kwa siku mbili chini ya vitabu vizito bila kuidhuru hata chembe. Akaniuliza kama nimependa.

Nikamwambia nimependa.

"Shini," akasoma Yasir. "Mimu. Fa yenye kasira, irabu ya i. Wazee hawakuwa na che, waliandika shini. Hawakuwa na ve, waliandika fa." Akanyanyua uso. Hakuwa na furaha yoyote usoni, na hilo liliniumiza zaidi. "Chumvi. Ukurasa unaofuata unaanza na neno chumvi. Lakini huu hapa uliowekwa pembeni yake unaanza na neno safari. Uko wapi ukurasa wa chumvi, Maalim?"

"Anasema nini huyu kijana?" akauliza Rosalie.

"Anasema chumvi, mama," akamjibu mtu.

Rosalie akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Uliliwa na mchwa," nikasema. "Tanga, nyumbani kwetu, kabla sijaja nchi hii. Mchwa waliingia sandukuni."

"Mchwa wenye adabu hao," akasema Maulid. "Wamekula ukurasa mmoja wa katikati, wakaacha wa mbele na wa nyuma. Hata pembe hawakutafuna. Labda nao walikuwa wakitafuta kufu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu wote, na kilikuwa na meno. Watu niliowasomesha watoto wao, niliowaoshea maiti zao, niliowaandikia hirizi za kuzalia. Walicheka kama waliongoja miaka ishirini na mitano kupata sababu.

Hasira ilinipanda. Nimetunga mashairi mengi ya kuionya nafsi juu ya hasira, na hakuna ubeti hata mmoja ulionijia.

"Basi, apa," akasema Maulid. "Tumalize. Apa kwamba ukurasa ule uliliwa, na kwamba neno ni akaozwa. Ukiapa, mimi nitakuwa wa kwanza kukubusu mkono. Na habari ya Yasir na Aida sitaitaja tena hadi nakufa."

"Baba," akasema Yasir.

"Nyamaza wewe. Maalim, unaapa, huapi?"

"Mnataka niape?" Nikapiga meza. "Mimi? Aida!"

Mjukuu wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa uuguzi, mtandio wake wa kijivu umebanwa kwa pini. Mchana wote hakuwa amesema neno. Aida amezaliwa mji huu. Kiswahili chote anakisikia, ila hukijibu kwa Kiingereza, tangu utotoni, na nimemkemea hadi nimechoka.

"Nenda nyumbani," nikamwambia. "Niletee msahafu. Si huu wa ukumbi. Ule wa Karani Shomari mwenyewe, rafu ya juu, wenye kitambaa cha kijani. Nitaapa juu ya msahafu wa mwenye utenzi, nione nani atabaki na ulimi."

"Sure, Babu?"

"Tawadha kwanza!"

"I have," akasema, akatoka.

Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na ndilo kubwa. Mlango ulipojifunga, nilikumbuka ukurasa wa chumvi uko wapi.

Haukuliwa na mchwa. Ulikuwa ndani ya msahafu ule.

Niliuficha humo kwa sababu moja. Ndicho kitu pekee nyumbani mwangu ambacho hakuna mtu angekigusa bila ruhusa yangu. Nilikifunika kwa kitambaa cha kijani, nikakifunga fundo langu, mara mbili kwa kushoto, kama alivyofunga baba. Nami nimemtuma kwa ulimi wangu mtu wa mwisho duniani niliyetaka aufungue.

Nikaondoka pale mbele. Nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara, milango tisa baada ya duka la kuku wa kukaanga. Mzee wa miaka sabini na moja angeweza kumwahi, Mola akipenda.

Maulid akasimama mlangoni.

"Kaa, Maalim. Msichana anaijua njia."

"Nataka kumsaidia. Rafu ni ndefu."

"Aida ni mrefu kuliko wewe," akasema Yasir kwa upole.

Nikakaa. Na wakati tunangoja, niwaeleze ninyi nisilowaeleza wale.

Baba yangu alifariki Tanga mwaka wa 1971. Siku mbili kabla, aliniita, akanipa utenzi wote, kurasa thelathini na moja, haukukosa hata mmoja. Akafungua ukurasa wa Nabintu. Akaweka kidole juu ya ile dhuma.

"Mkubwa," akaniambia, "hapa soma kwa o."

"Ndivyo alivyoandika babu?"

"Nimekwambia soma kwa o."

Kwa hiyo nilipomwambia Yasir kuwa nimelipokea kwa baba yangu, sikusema uongo. Nililipokea kweli. Nililipokea kama mtu anavyopokea amri.

Usiku wa tatu wa matanga nikageuza ukurasa, nikausoma ule uliofuata. Nauandika hapa, mbele ya macho yenu, kwa mara ya kwanza tangu utungwe:

*Chumvi mizigo miwili*
*na bafuta gora mbili,*
*Mdachi hakujadili,*
*shauri likamalizwa.*

Nilitafuta njia. Nilijiambia kuwa chumvi na gora za bafuta, yaani majora ya kitambaa cheupe, ni mahari. Lakini mahari hupewa bibi harusi, au hupokewa na babaye kwa niaba yake. Ciza alikuwa amefungwa kamba. Aliyepokea, asijadili, alikuwa Mdachi. Anayejadili au kuacha kujadili ni mwenye mali. Karani Shomari alikuwa mtu makini. Aliandika dhuma inayosomeka kwa njia mbili, kisha ukurasa uliofuata akaitaja bei, kwa sababu huenda naye alikuwa na siku za kutaka kujulikana.

Na ninalo jambo jingine, ambalo halimo katika utenzi.

Bibi yangu hakula chumvi. Sahani yake ilipakuliwa kabla ya chumvi kutiwa chunguni, maisha yake yote. Watu wakisema ni maradhi ya tumbo. Nilipokuwa na miaka saba nikaona ni mchezo mzuri. Nikamtilia chumvi kwenye maharage yake, konzi nzima, nikajificha nyuma ya pazia ili nicheke.

Alionja kijiko kimoja. Akakiweka chini polepole. Kisha akatapika, akalia, akasema maneno mengi kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeijua, naye hakuisema tena mbele yetu hadi anakufa.

Babu alitoka chumbani, akanipiga kofi. Hakuniambia kwa nini. Akarudi ndani akafunga mlango.

Kwa miaka ishirini na saba nikadhani nilipigwa kwa kuharibu chakula.

Haya yote niliyajua. Niliyajua mwezi wa Shaabani, sinia la halua likiwa mbele yangu, nilipomwambia Maulid habari ya damu ya mnadani. Niliyajua nilipomdharau Rosalie kwa maneno ya mpagazi. Mpagazi yule alikuwa mkweli kuliko nasaba yangu yote.

Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu katika mji huu mimi si mtu ila kwa utenzi ule. Sina duka. Sina shahada. Vijana wa hapa wananipita njiani. Lakini wakisema huyu ni mjukuu wa Karani Shomari, mshairi, watu hunipisha mbele. Nikisoma kwa u, mimi ni mjukuu wa mtu aliyenunua msichana wa watu kwa chumvi ya vita, na mjukuu wa msichana huyo.

"Amekawia," akasema Maulid, akitazama saa yake.

Alikuwa amekawia kweli. Safari ya dakika sita ilikuwa imefika dakika ishirini.

Rosalie alikuwa akinitazama muda wote ule.

"Muzee," akasema kwa sauti ya chini, sasa bila ukali. "Alizaa batoto wangapi?"

"Mmoja," nikajibu kabla sijajizuia. "Baba yangu tu."

"Na alikuwa mwanamuke wa kuchekaka?"

Nilitaka kumwambia ndiyo.

Mlango ukafunguka.

Aida aliingia, msahafu ameubeba kwa mikono miwili kifuani, matone ya mvua kwenye mtandio wake. Hakumtazama Yasir. Hakumtazama mtu yeyote. Alikuja moja kwa moja hadi mezani, akauweka mbele yangu, akaunyoosha kwa ncha za vidole mpaka ukakaa sawa.

Nikatazama kitambaa cha kijani.

Fundo langu halikuwepo. Palikuwa na kitanzi na kitanzi, kama wanavyofunga kamba za viatu.

"Haya, Maalim," akasema Maulid. "Bismillahi."

Watu wakasogea. Bi Narinder akauliza kwa kunong'ona kama hii ni sehemu ya maonesho. Nikauweka mkono wangu wa kulia juu ya kitambaa. Wanavyuoni wameitaja yamini ya uongo, ndicho kiapo kinachomzamisha mwenye kukiapa, nami nimeisomesha mara nyingi, nikipiga meza kwa fimbo ili watoto wasisahau.

Nilipapasa. Ukurasa ule ulikuwa ukiuinua msahafu kidogo upande mmoja, kwenye sura ya nabii aliyeuzwa na nduguze. Miaka thelathini na saba nimeuzoea mbinuko ule chini ya kiganja. Sasa palikuwa tambarare.

Nikainua macho.

Mkono wa kushoto wa Aida ulikuwa ndani ya mfuko wa koti lake. Kwenye ukingo wa mfuko ilitokeza pembe ya karatasi ya kale, ya rangi ya chai, isiyotafunwa na mchwa yeyote. Nilimfundisha Yasir kusoma herufi zile. Aida nilikataa kumfundisha. Nilisema si kazi ya wasichana. Kwa hiyo hakuweza kujua kilichoandikwa mle. Alijua tu kwamba nilikificha, na kwamba chumba kizima kilikuwa kikikitafuta, na kwamba msomaji wake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, amevaa suti.

Neno moja kwa Yasir lingetosha. Hakulisema. Aliniachia mimi.

"Aida," nikanong'ona.

Mjukuu wangu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kunijibu kwa lugha yangu, aliinama hadi uso wake ukawa karibu na wangu.

"Babu," akasema, kwa Kiswahili safi nilichomkemea miaka ishirini akiseme, "apa."